Haba na Haba Hupunguza Kibaba



Wahenga walitufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Siku hizi, katika maduka ya Kisangani, methali hiyo imegeuzwa. Pakiti ya biskuti ambayo mtoto hununua kwa noti moja akienda shuleni ina picha ileile na bei ileile, lakini gramu zilizomo ndani hupungua kimyakimya. Tunanung'unika, kisha tunanunua. Yafaa tutafakari kosa liko wapi hasa.

Kwanza tumtendee haki mwenye kiwanda. Unga wa ngano, sukari na mafuta hupanda bei. Franka ya Kongo, iliyoanza kutumika mwaka 1998, ilidhoofika: mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000, na mwaka 2024 ilipita 2,700. Bidhaa hutufikia kwa mto, safari ya kilomita zipatazo 1,700 kutoka Kinshasa, au kwa barabara ya mashariki ambayo mvua huigeuza matope. Tena kitafunwa cha mtoto hununuliwa kwa noti moja, na noti ndogo za kurudisha hazipatikani kwa urahisi. Basi kiwanda huona heri kushika bei na kupunguza uzito. Hata ile hewa katika pakiti za chipsi ina kazi yake: ni gesi ya nitrojeni, inayozuia chipsi zisivunjike wala zisiharibike upesi. Kupunguza peke yake si wizi.

Kosa ni kuficha. Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme pakiti ya gramu 50 iliuzwa franka 500: kila gramu ni franka 10. Ikibaki na gramu 40 kwa bei ileile, kila gramu imekuwa franka 12.5. Kitafunwa kimepungua kwa sehemu moja ya tano, na bei imepanda kwa sehemu moja ya nne, ingawa hakuna aliyetamka neno « kupanda ».

Mama anayeuza karanga kwa kopo hana mahali pa kujificha. Mnunuzi huliona kopo, hulalamika, huomba matabishi, naye huongezewa kiganja au hunyimwa waziwazi. Pakiti iliyofungwa haijadiliani na mtu. Lawama humwangukia muuzaji wa pembeni mwa njia, ambaye naye aliinunua katoni ikiwa imefungwa. Hivyo asiyepunguza chochote ndiye anayeitwa mwizi.

Jambo hili ni la kale. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakipunguza kipimo na kuongeza bei ili wawanyonye maskini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, huhesabu miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba kupandisha bei kwa kutumia vibaya ujinga au shida ya mwingine. Wala si jambo la Kongo tu. Mwaka 2016, huko Uingereza, chokoleti ya Toblerone ya gramu 400 ilishushwa hadi gramu 360 kwa kupanua nafasi kati ya vilele vyake, na wanunuzi wakapiga kelele. Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2024, imeyaagiza maduka makubwa kuweka tangazo kwa miezi miwili pale bidhaa ilipopunguzwa uzito huku bei ya kila kilo ikipanda.

Kwetu sisi kuna hasara nyingine, nayo hutuumiza sisi walimu. Kwa watoto wengi, maandishi ya kwanza wanayoyasoma nje ya daftari ni yale ya pakiti. Mtoto akizoea kuona picha kubwa na kukuta vipande vichache, atajifunza kwamba kilichoandikwa hakipaswi kuaminiwa. Somo hilo hatutaweza kulifuta ubaoni kwa urahisi.

Basi tufanye nini? Tuwafundishe watoto kutafuta gramu kwenye pakiti na kugawanya bei kwa uzito. Hesabu hiyo yafaa kuliko nyingi za vitabuni. Wenye maduka kati yetu, katoni mpya ikija na uzito mdogo, wawaambie wateja. Wenye viwanda waandike badiliko hilo kwa herufi kubwa, na gharama zikishuka warudishe gramu walizoziondoa. Ofisi ya udhibiti ya taifa, OCC, iliyoundwa mwaka 1974, ipime mara kwa mara kama uzito ulioandikwa ndio uliomo.

Tena tusisahau makopo yetu sokoni. Kopo lililobonyezwa kitako ili lichukue mchele kidogo ni ndugu wa pakiti ile. Atakayetaka kudai haki kiwandani, na aanze kwa kunyoosha kitako cha kopo lake.