Mvuke wa petroli: Uchafuzi usioonekana kwa macho

WAKAZI wengi wa miji ya Afrika Mashariki wanapolalamikia hewa chafu ya magari, hunyooshea kidole moshi mweusi wa ekzosi. Wachache hufahamu kuwa gari la petroli huweza kuchafua hewa hata likiwa limeegeshwa na injini imezimwa.

Petroli hugeuka mvuke kwa urahisi, hasa kwenye jua kali. Mvuke huo una benzeni, kemikali inayosababisha saratani. Haidrokaboni zake zikikutana na oksidi za naitrojeni juani, huzalisha ozoni, gesi inayodhuru mapafu. Mwanasayansi Arie Haagen-Smit alibainisha hilo mjini Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1950, na jimbo la California likataka mvuke wa tangi udhibitiwe kuanzia magari ya mwaka 1970.

Dawa iliyopatikana ni mkaa. Mvuke wa tangi hupitia kwenye mpira hadi ndani ya kopo lenye mkaa maalumu, ambao huunasa. Injini ikishawaka na kupata joto, vali hufunguka na mvuke huo hufyonzwa ili uunguzwe kama mafuta mengine.

Hata hivyo, mfumo huo huharibiwa na mambo madogo. Mfuniko wa tangi ukipotea na nafasi yake kuzibwa kwa kitambaa, mvuke hutoroka. Dereva anayelazimisha kuongeza mafuta baada ya pampu kujikata huweza kuingiza petroli ndani ya kopo na kuharibu mkaa. Fundi akiling'oa kopo, gari huendelea kutembea, na mwenyewe huenda asitambue kasoro yoyote.

Hapo ndipo penye tatizo. Kenya imeweka ukomo wa miaka minane kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini, na Tanzania hutoza ushuru zaidi kwa magari makuukuu. Hatua hizo hupima umri wa gari, wala si uzima wa kopo na mfuniko. Kipimo cha moshi wa ekzosi nacho hakigusi mvuke wa tangi.

Risasi ilipoondolewa kwenye petroli ya ukanda huu kufikia mwaka 2006, kazi ilifanywa na waagizaji na wasafishaji wa mafuta. Dereva hakutakiwa kufanya lolote. Safari hii jukumu limo mikononi mwa mwenye gari, fundi na mkaguzi. Bila wao kulitimiza, mkaa uliobuniwa kulinda mapafu ya watu utaishia jalalani.