Swichi ya Shawa Ikinuka Tusinyamaze

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu tunaokaa Kawangware, Kangemi na Dagoretti twaoga kwa shawa ya stima, ile inayopasha maji yanapopita. Si anasa. Mtu atokaye nyumbani saa kumi za usiku kwenda stesheni hawezi kungoja sufuria ichemke. Lakini katika ploti nyingi swichi ya shawa hiyo imegeuka rangi ya kahawia, nayo yanuka plastiki iliyoungua. Mwenye nyumba akiambiwa, hujibu kwamba wapangaji wanaoga sana. Sisi twasema maneno hayo si ya haki.

Hesabu ni hii. Shawa ya wati 5,500 kwa stima yetu ya volti 240 huvuta ampea 23 hivi. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Waya wa taa ni wa milimita 1.5 za mraba, wa soketi 2.5, shawa yataka 4 au 6, na swichi yake peke yake. Fundi wa bei rahisi huiunga kwa waya wowote aliokuta ukutani, ili mwenye nyumba asifike Luthuli Avenue kununua mwingine.

Tena iko hatari ya skrubu iliyolegea. Pale waya usiposhikwa vizuri stima hupita kwa taabu, na taabu hiyo hugeuka joto. Fyuzi haijikati, kwa sababu stima yenyewe haikuzidi. Pua ndiyo hujua kwanza. Sisi wa reli twalijua jambo hili: bokisi ya ekseli ikishika moto, behewa hukatwa kwenye treni. Hakuna asemaye tufike Naivasha kwanza.

Na fyuzi ikijikata kila siku, wengine huweka kubwa zaidi. Huko ni kumfukuza askari wa zamu kwa kuwa amepiga kelele.

Basi, ikinuka, zima swichi kuu, wala usiitumie tena mpaka itengenezwe. Tudai fundi mwenye laisensi ya EPRA. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 yamkataza asiye nayo. Tudai na waya wa kwenda ardhini, kwa maana bafuni maji, stima na mwili hukutana.

Mpangaji mmoja akidai, ataambiwa ahame. Ploti nzima ikienda pamoja siku ya kodi, itasikilizwa. Kodi twalipa kamili. Na waya uwe kamili.

Umoja ni nguvu.