Usimwite Jogoo Kabla ya Wakati Wake

Lugha yetu ina majina mengi ya kuku. Jogoo ni dume aliyekomaa, na pora ni dume kijana asiyewika bado. Tembe ni jike aliyekua ambaye hajaanza kutaga, na koo ni jike wa kuzaa. Walakini aliye mdogo ana jina moja tu, kifaranga, awe dume au jike. Naona wazee wetu walikuwa na hekima katika jambo hili. Hawakutoa hukumu kabla ya kuona dalili.

Siku hizi, katika masoko ya Arusha na Tengeru na katika vijiji vya mteremko wa Mlima Meru, mtu aweza kusikia mwuzaji akisema, "Vifaranga hawa wote ni majike, tena ni wa mbegu bora." Tuseme mama mjane anunua kumi kwa akiba yake yote, apate mayai ya kuuza ili mwanawe apate madaftari. Awalisha miezi mitano, kisha sita kati yao wawika. Pumba imekwisha, fedha imekwisha, na mayai ni machache. Maneno mepesi ya mwuzaji yamemwibia.

Wengine husema kwamba yai lenye ncha hutoa dume, na yai la mviringo hutoa jike. Maneno haya ni ya kale sana. Aristotle wa Uyunani aliandika kwamba yai refu lenye ncha ni la jike. Columella wa Roma aliandika kinyume chake. Wote wawili walikosea, kwa maana udume na ujike wa kifaranga hutokana na mbegu ya mama yake, wala si umbo la ganda. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa Ujapani walionyesha njia ya kumtambua kifaranga wa siku moja kwa kuchungua sehemu yake ya haja. Lakini kazi hiyo yataka mafunzo marefu, na mkono usiozoea huweza kumwumiza.

Sisi wa nyumbani yatupasa kungoja. Katika juma la sita hadi la nane, upanga wa kichwani mwa dume huanza kuwa mkubwa na mwekundu kupita wa jike, na miguu yake huwa minene. Hata hivyo kuchi huwa na upanga mdogo, basi dalili moja haitoshi. Yapata juma la kumi na mbili, tazama manyoya ya shingo na ya mgongo karibu na mkia: ya dume ni marefu, membamba, yenye ncha na kung'aa; ya jike ni ya mviringo.

Kuhusu mbegu, rangi peke yake hudanganya. Kifaranga wa kahawia aweza kuwa wa kienyeji, au Kuroiler wa asili ya Bara Hindi, au Sasso wa asili ya Ufaransa, au mchanganyiko wao. Shingo tupu ya kishingo huonekana tangu kutotolewa, lakini mzazi mmoja tu aweza kuwarithisha watoto shingo hiyo. Tena watoto wa kuku chotara hawafanani sawasawa na wazazi wao. Ajuaye mbegu kwa yakini ni yule ajuaye yai lilitoka kwa koo gani na jogoo gani. Kwa hiyo kila mtoto afugaye kuku na aandike habari hizo katika daftari.

Mtu ataniuliza, "Nikisema sijui, nani atanunua?" Namjibu: uza vifaranga kwa bei ya vifaranga, au walee hadi dalili zionekane, ndipo uuze majike kwa bei yao. Nawe mnunuzi, kumbuka kwamba katika vifaranga wengi waliototolewa, karibu nusu huwa madume. Ukiambiwa kumi wote ni majike, uliza madume wamekwenda wapi.

Kusema "Bado sijui" hakumpunguzii mwuzaji heshima. Jirani aliyeambiwa kweli leo atarudi kununua kwake mwaka ujao.