Mgeni wa Kike Mtaani: Ulinzi ni Jukumu la Nani?

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tunaifundisha na kuitahini kila mwaka, ila ni nadra kuuliza iwapo mgeni naye hupona, hasa akiwa mwanamke aliyesafiri peke yake na kupanga chumba kwa siku chache katika mtaa wa makazi.

Mnamo Januari 2024, wanawake wawili waliuawa jijini Nairobi, mmoja South B na mwingine Roysambu, wote katika nyumba zinazokodishwa kwa siku. Tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu waliandamana Nairobi na katika miji mingine kulaani mauaji ya wanawake. Hata hivyo, matatuni na mabarazani swali lililotangulia lilikuwa: alikwenda kufanya nini huko? Mwanamume akilala katika chumba kama hicho huhesabiwa kuwa yu safarini, basi. Lugha nayo imeshiriki dhuluma hii. Mwanamume mtembezi ameiona dunia. Mwite mwanamke mtembezi, uone kama hutadaiwa radhi.

Sisemi kwamba tahadhari haina maana. Kufika kabla ya magharibi na kukagua komeo la ndani ni busara kwa yeyote. Lakini komeo hutiwa na mwenye nyumba, na taa ya njia itokayo kituo cha matatu haiwashwi na mgeni. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa mwaka 2013, ulikusudia majirani wajuane. Mgeni wa siku tatu hajulikani na yeyote: ufunguo huachiwa bawabu, mwenye nyumba anaishi mtaa mwingine, na jirani wa mlango wa pili amekwisha kuzoea kuona sura mpya kila juma.

Litazameni pia daftari la langoni. Mgeni huandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na nyumba aendayo. Anayemfuata hupewa daftari lilo hilo, likiwa wazi ukurasa ule ule, akasoma yote kwa raha zake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini sijui ni bawabu gani aliyewahi kuelezwa habari zake. Kitu kilichowekwa kwa ajili ya usalama kimegeuka kuwa tangazo la mwanamke aliye peke yake, chumba gani, na simu yake ipi.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani wakuu wetu. Wanafunzi wetu wa kike huenda Mombasa, Lamu na kwingineko kukusanya data za tasnifu. Idara humpa mwanafunzi barua ya utambulisho, nayo NACOSTI humpa kibali cha utafiti. Pendekezo la utafiti husailiwa kuanzia mada hadi marejeleo. Atakakolala mtafiti hakumo. Wako wasimamizi ambao, kwa nia njema, humshauri binti achague mada ya karibu na nyumbani. Ushauri huo unampokonya uga wa utafiti ambao mwenzake wa kiume anaachiwa bila swali.

Idara zinao wahitimu waliotapakaa pwani nzima, wengi wao wakiwa walimu wenye familia na majirani wanaowajua kwa majina. Orodha ya wenyeji wa namna hiyo, ikitunzwa na katibu wa idara na kusahihishwa kila muhula, haihitaji mfadhili. Chama chetu kinaweza kuianza kabla ya likizo ijayo.