Jaji, Uliza Kilichogoma

Msimu wa KSEF ukifika, matatu za Kisii na Keroka hubeba mabango karibu yashinde mikungu ya ndizi. Haya ni Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya shule zetu. Unaanza shuleni, unapita kaunti ndogo, kaunti, kanda ya Nyanza, na ukibahatika unafika kitaifa.

Kinachonisumbua ni alama. Jaji anatazama mambo matatu: maandishi na bango, mnavyojieleza, halafu fikra ya kisayansi yenyewe. Kwa karatasi inakaa haki. Lakini tuseme ukweli, mawili ya kwanza yananunulika. Shule yenye pesa inachapisha bango linalong'aa. Mwalimu mwenye muda anawakalisha wanafunzi mpaka wakariri kila neno, kama shairi la tamasha. Na mashine? Fundi wa jua kali pale Daraja Mbili ataichomelea kama una za kumlipa. Kando yao wamesimama wawili wa shule ya kutwa, na makopo, gundi, na bango la kuandikwa kwa mkono. Sisemi jaji amehongwa, hapana. Jicho la mtu yeyote huvutwa na kinachong'aa.

Fikra ndiyo haichapishwi. Chukua vijana wanaotaka kupunguza vumbi linalowaingia wachongaji wa mawe ya Tabaka. Usiwaulize mradi unaitwaje, hiyo iko kwa bango. Waulize: vumbi mlilipima aje? Mara ngapi? Siku gani kifaa kiligoma, na mkafanya nini? Aliyefanya kazi ana stori ndefu ya kugoma, na daftari lenye mafuta ya taa juu yake. Aliyenunua anarudia aya ya kwanza.

Hata ISEF, yale mashindano makubwa ya Marekani, kati ya alama 100 bango lina 10 tu. Mahojiano yana 25, na humo jaji anapima mwanafunzi alijitegemea kiasi gani. Mradi ukiwa wa kikundi, anaangalia kama kila mmoja anauelewa. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji jaji asiye na haraka.

Na msiniambie shule maskini haziwezi. Mwaka wa 2018 Keriko, shule ya kutwa huko Njoro yenye kompyuta moja, iliongoza shule za umma kitaifa KSEF. Wanafunzi walikuwa na kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Mwalimu wao alikuwa Peter Mokaya Tabichi, na kwa jina Mokaya hapa kwetu huulizi ametoka wapi. Mwaka uliofuata akashinda tuzo ya mwalimu bora duniani.

Kwa hivyo msimu ujao majaji wadai daftari la majaribio kabla ya kutazama bango. Na karatasi ya alama imfikie mwanafunzi kabla matatu ya Kebirigo haijajaa, aone bango lilimpa ngapi na swali la tatu likamnyima ngapi.