Wanafunzi wa mazingira wapelekwe mtoni, si kwenye mashine ya fotokopi

Kwa miaka mingi, masika yakifika Dar es Salaam, sisi tulio ughaibuni hupokea picha zile zile. Jangwani imefurika, Barabara ya Morogoro imefungwa, kina mama wa bondeni wameanika magodoro yaliyolowa. Kiongozi hufika, akatoa pole, akaagiza waliojenga bondeni waondoke, kisha jua likatoka na mambo yakasahaulika hadi mvua nyingine.

Lakini swali moja haliulizwi. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilipojengwa pale pale Jangwani, nani alisimama bondeni akapima maji hufika wapi? Mabasi yalianza kazi mwaka 2016, na haukupita muda karakana ikafurika na mabasi yakaharibika. Mzee yeyote wa Magomeni angewaambia kwamba ile ni njia ya maji. Tena haikuwa imefika hata miaka mitano tangu mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kufanya familia nyingi za bondeni zihamishiwe Mabwepande.

Ndugu msomaji, sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Baraza la mazingira, NEMC, liliundwa tangu mwaka 1983. Vyuo navyo tunavyo, kikiwemo Chuo Kikuu Ardhi kilichopata hadhi hiyo mwaka 2007 na kinachofundisha uhandisi na usimamizi wa mazingira. Karatasi hazijawahi kutupungukia. Kinachotupungukia ni watu waliozoeshwa kupima kwa mikono yao, na kusema walichokipima hata kama mwenye mradi hapendi.

Na hapo ndipo ninapotaka kuzungumzia mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi huyaita 'fildi'. Kwa utaratibu ulioandikwa, mwanafunzi hupelekwa kwa wiki kadhaa kwenye halmashauri, mamlaka ya maji au kampuni, akae na wahandisi ajifunze kazi. Lakini muulize kijana aliyetoka huko. Wengi watakwambia walitoa fotokopi, wakapanga mafaili na kutumwa chai. Mhandisi yuko saiti, gari halina nafasi, posho hakuna, na buti za kuingilia kwenye tope ni za wenye ajira. Wiki ya mwisho kijana anajaza daftari lake la kazi kwa usiku mmoja, akinakili la mwenzake wa mwaka jana. Msimamizi anagonga muhuri. Chuo kinatoa alama.

Tusidanganyane, hapo kijana hakukosa mafunzo. Amefundishwa, na amefundishwa vizuri sana, kwamba ripoti inaweza kuandikwa bila kwenda na kwamba muhuri una nguvu kuliko kipimo. Miaka michache baadaye yeye ndiye mshauri mwelekezi. Anaandika tathmini ya kiwanda kwa kuchukua tathmini ya kiwanda kingine na kubadilisha jina la kijiji. Tutamlaumu kwa lipi? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wapo watakaosema wanafunzi ni mzigo, na kwamba wahandisi wetu ni wachache na wana kazi nyingi. Hoja hiyo ilishajibiwa Dar es Salaam penyewe. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ukiungwa mkono na Benki ya Dunia na Msalaba Mwekundu, uliwaingiza mitaani wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pamoja na wakazi wa mitaa hiyo, walitembea kichochoro kwa kichochoro katika kata zinazofurika, wakichora nyumba, njia na mitaro. Tandale, ambayo wengi waliiona kama fujo tu ya mabati, ikapata ramani. Vijana wale hawakuwa mzigo kwa mtu. Jiji ndilo lililopata kitu ambacho halikuwa nacho.

Siku moja mtoni na mhandisi mzoefu ina mambo ambayo muhula mzima darasani hauwezi kuyatoa. Anamwonyesha mwanafunzi namna ya kukadiria kasi ya maji kwa kitu kinachoelea, saa na kamba iliyopimwa. Anamwonyesha alama ya tope ukutani, inayosema mafuriko ya mwisho yalifika kifuani. Wanakuta karavati lililojengwa kwa hesabu sahihi lakini limezibwa na chupa za plastiki, na hapo kijana anaelewa kwamba hesabu ya maji bila hesabu ya taka ni kazi bure. Mama mmoja anawaambia kwamba mvua ikinyesha majirani hutapisha vyoo kwenye maji yanayopita. Hilo halimo kwenye kitabu chochote cha haidrolojia, lakini ndilo linaloleta kipindupindu.

Hata hivyo, ujuzi wa kupima peke yake hautoshi. Tazameni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi kilifunguliwa mwaka 2007 ubavuni mwa nyumba za watu. Mwaka 2009 kilimwajiri Phyllis Omido, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kushughulikia tathmini ya mazingira. Tathmini ilipoonyesha kwamba kiwanda ni hatari kwa wakazi, wakubwa hawakuhamisha kiwanda, walimhamisha yeye kwenye kazi nyingine. Baadaye mtoto wake mchanga akakutwa na sumu ya risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na ilichukua hadi Desemba 2024 kwa Mahakama ya Juu ya Kenya kurejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 ambayo wakazi walipewa na mahakama ya mazingira mwaka 2020.

Na asije mtu akasema haya ni ya Waafrika. Hapa Uingereza ninakoishi, mwaka 2019 mdhibiti wa huduma za maji aliikuta kampuni ya Southern Water imechezea upimaji wa sampuli za majitaka. Mwaka 2021 mahakama ikaitoza faini ya pauni milioni 90 kwa kumwaga kinyesi mitoni na baharini kati ya mwaka 2010 na 2015. Wahandisi wenye shahada walikuwepo, na maabara zilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kukataa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa mradi mkubwa wa umma utenge nafasi za wanafunzi, pamoja na nauli, chakula na buti zao, ili wasigeuzwe vibarua wa bure. Tuanze na Msimbazi, ambako mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za kuliendeleza bonde hilo. Darasa gani kubwa kuliko hilo?

Pili, mwanafunzi apewe alama kwa vipimo vyake: tarehe, mahali, namba aliyoisoma, na sahihi ya mhandisi aliyekuwa naye. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa tangu mwaka 2003 wa kuwalea kazini wahandisi waliohitimu. Ulezi huo uanze mapema, kabla kijana hajazoea kunakili. Na mhandisi atakayesaini kipimo ambacho hakikufanyika aitwe na bodi hiyo ajieleze.

Tatu, vipimo hivyo viwe wazi kwa kila mwananchi. Hili naliandika kama mwandishi niliyelazimika kuondoka nyumbani kwa sababu ya kuandika. Mtu mmoja ni rahisi kumtisha, na ripoti moja ni rahisi kuifungia kabatini. Lakini vijana 30 wakipima mto mmoja kila mwezi, na namba zao zikabandikwa ofisi ya kata na kwenye mtandao, utamtisha nani na utafungia nini?

Wazazi wanauza mashamba kuwalipia hawa vijana ada. Wana haki ya kurudishiwa mtaalamu anayejua maji ya mtaa wao yanapita wapi, kabla ya masika mengine.

Naomba kutoa hoja.