Bustani ya Nyumbani: Mwerebi Utambaao



Mierebi twaisoma katika Maandiko, na wengi wetu tumeidhania kuwa ni miti mirefu tu, isimamayo kando ya maji. Lakini huko Ulaya uko mwerebi mwingine, ambao hutambaa chini kama marando ya viazi, na kwa kawaida haufiki kimo cha mtu mzima. Mwaka 1753 Linnaeus wa Uswidi, bingwa wa elimu ya mimea, aliuandika kwa jina la Salix repens, maana yake mwerebi utambaao. Makao yake ni mbuga zenye unyevu na vilima vya mchanga vya pwani.

Ni mmea wa nchi za baridi, wala hatuwaambii muupande kwenu; twawaeleza kwa ajili ya funzo lake. Wenyeji wa huko, majani yakiisha kupukutika, hukata kijiti cha mwaka ule, urefu wa shubiri moja, wakakichomeka udongoni, macho yake yakielekea juu. Hupenda jua na udongo usiokauka. Tena dume na jike ni vichaka mbalimbali. Atakaye mbegu sharti awe na vyote viwili. Maua yake hutoka mapema, na nyuki huyaendea.

Lililotushangaza zaidi ni hili. Upepo ukiufunika kwa mchanga, shina lililofunikwa hutoa mizizi mipya, na matawi yakapanda tena juu. Hivyo mchanga uliokuwa ukipeperuka hushikwa, na kilima kikatulia.

Mzazi mmoja alitulalamikia juu ya mwanawe, kwamba wenzake wote wamempita darasani, naye amebaki chini. Akauliza kama yafaa kumtoa shuleni. Ndugu yetu, mtunza bustani mwenye akili haulaumu mwerebi huu kwa kuwa si mvule, wala haung'oi kwa sababu haurefuki. Huutilia maji, akaungojea. Nawe usimtoe. Mpe mwanao subira na neno jema kila jioni, wala usimpime kwa kimo cha mwana wa jirani. Huenda huyo aliye chini leo ndiye atakayeishika nyumba yako siku ya upepo.